Figo za bamama, toka Toyama mpaka Lubumbashi

Bandugu, kwa memwari yangu ya lisansi mu agronomia nilichukua udongo na majani ya lengalenga mu bustani za upande wa Kinsevere, karibu kilomita 30 kaskazini ya Lubumbashi. Nilijaza tablo nzuri: shaba, kobalti, zinki, kadimiumu. Siku ya kutetea, mzee mmoja wa juri akaniuliza: «Hii lengalenga nani anaikula?» Nikajibu: «Familia.» Akacheka. «Familia haina figo. Baba ana figo zake, mama ana zake.»

Nilipata distinksyo, lakini lile swali lilinifuata mpaka nyumbani. Njo lilinipeleka kusoma habari za Japani.

Kule mkoa wa Toyama kuna mto Jinzu. Juu ya mto kulikuwa mgodi wa Kamioka, wa zinki na risasi, na maji yake yalishuka mu mashamba ya mchele. Bamama wa kule, wengi wenye miaka zaidi ya 40 na waliozaa mara nyingi, wakaanza kuvunjika mifupa, hata kwa kukohoa tu. Walilia «itai, itai», maana yake «inauma, inauma», na ugonjwa ukabaki na jina hilo. Kwanza walisema ni kula vibaya na kazi nyingi. Daktari wa palepale, Noboru Hagino, hakukubali. Mu 1961, yeye na Kinichi Yoshioka, mtu wa kilimo kama sisi, wakasonta kidole kwa kadimiumu. Serikali ilikubali mu 1968. Wagonjwa walioandikwa rasmi wakafika karibu 200, na karibu wote ni wanawake. Mabwana zao walikula mchele uleule.

Juu ya nini? Tumbo la mutu mwenye chuma kidogo mu damu linafungua milango mingi ya kutafuta chuma, na kadimiumu inapita mu mlango uleule. Mama anapoteza damu kila mwezi, mimba inachukua chuma chake, kuzaa pia. Basi chakula ni kimoja, lakini yeye anaweka sumu nyingi zaidi. Inaenda kukaa mu figo miaka 10 mpaka 30. Inaharibu mirija midogo ile inayorudisha vitu vya faida mu damu. Fosfati na kalsiamu vinatoka na mkojo, mifupa inalegea.

Lakini mutu asiseme figo ya mwanamke ni zaifu. Mu labo, wakikata damu ya figo kwa muda kidogo, mara nyingi panya jike anapona vizuri kuliko dume. Homoni ya estrojeni inamusaidia. Kwa kadimiumu, shida inaanzia mu tumbo na mu deni la chuma, na deni hilo linakua pamoja na idadi ya watoto.

Na kupona? Ubeljiji, wale waliopeleka shaba yetu kwao, walipima watu wao mu uchunguzi wa Cadmibel, kati ya 1985 na 1989: watu 1,699. Alama za figo zilianza kuonekana hata kwa kadimiumu kidogo mu mkojo. Walipowarudilia miaka mitano nyuma yake, zile alama ndogo hazikuwa zimeendelea kuharibu figo. Toyama haikuwa vile: mirija ikisha kuharibika sana, hata ukiacha ule mchele, figo hairudi. Kwa hiyo kupima mapema kuna maana.

Kwetu, tanuru ya Lubumbashi ilitoa shaba ya kwanza mu 1911, na upepo ukapeleka moshi upande wa kaskazini-magharibi. Uchunguzi mkubwa wa mkojo wa watu wa Katanga, wa Célestin Banza Lubaba Nkulu wa UNILU na wenzake wa Leuven, ulitoka mu 2009: watu 351, kobalti nyingi sana, na pia kadimiumu, risasi na uraniumu. Toka 1911 mpaka 2009, hesabu mwenyewe.

Tukisema «sumu ya mgodi», sisi tunamuona krezeri, kijana mwanaume mwenye vumbi. Mama anayechuma lengalenga hatumuoni. Na ile lengalenga njo tunaambia bamama wenye mimba wakule, juu iko na chuma! Tena ni jani linalovuta kadimiumu vizuri sana.

Mama mukubwa wangu amezaa watoto tisa na analima lengalenga mpaka leo. Miaka miwili sasa mugongo unamuuma. Mu dispansere moja walimwambia ni uchovu. Mimi sisemi ni kadimiumu. Sina namna ya kujua. Nilimuletea shokaa tumwange mu vitanda vyake, kupunguza asidi ya udongo ili jani livute kidogo. Mwezi uliopita alipimwa mkojo mara ya kwanza mu maisha yake. Walitafuta sukari na protini. Niliuliza kadimiumu, mulabo akanitazama: «Kadi gani?»