Malaria Zanzibar: Vita Vilivyoachwa Njiani Mwaka 1968



Ndugu wasomaji, wengi wetu tunaoishi nchi jirani tuna jamaa Unguja na Pemba, na tukienda kuwatembelea huambiwa kwamba malaria huko siku hizi ni ya nadra. Ni kweli, Alhamdulillah. Ila wanafunzi wetu wanapaswa kujua kwamba ugonjwa huu ulikaribia kushindwa visiwani mara moja kabla ya hapo, ukaachiwa, ukarudi.

Mwishoni mwa miaka ya 1950, kwa msaada wa Shirika la Afya Duniani (WHO), ilianza kampeni ya kupuliza DDT kwenye kuta za nyumba. Mbu akishakunywa damu hutua ukutani kupumzika, na hapo hukutana na sumu. Malaria ilishuka sana. Mwaka 1968 kazi ikasimamishwa, na katika miaka ya 1970 ugonjwa ukapanda tena kana kwamba haukuwahi kuguswa. Miaka ya 1980 wakarudi kupuliza DDT, lakini safari hii haikufua dafu.

Dawa nayo ikaisha nguvu. Klorokwini, ile chungu tuliyomezeshwa na mama zetu (na mwili ukawasha usiku kucha!), vimelea vilishaizoea. Septemba 2003 Zanzibar ikaiacha, ikaanza kutoa bure hospitalini na vituoni dawa mseto ya artesunate na amodiaquine. Asili ya artesunate ni mmea wa tiba za kale za China. Bibi Tu Youyou na wenzake ndio waliofanikiwa kuutoa uponyaji wake miaka ya 1970, naye akapewa tuzo ya Nobel mwaka 2015. Sisi tulioamrishwa na Mtume (S.A.W.) kutafuta tiba tuna la kujifunza kwa subira ya mama huyu.

Matokeo yalionekana upesi. Katika wilaya ya Kaskazini A, Unguja, vifo vya watoto walio chini ya miaka mitano vilipungua kwa asilimia 52 kati ya mwaka 2002 na 2005. Hiyo ni zaidi ya nusu ya misiba ya watoto, hata kabla vyandarua vyenye dawa ya kudumu na upulizaji mpya havijaenea mwaka 2006.

Safari hii hawakulala. Tangu 2008 vituo vya afya vikawa vinatuma taarifa za wagonjwa kwa simu ya mkononi, na baadaye maafisa wakaanza kumfuata mgonjwa hadi nyumbani na kuwapima wote wanaoishi naye. Hata hivyo, mwishoni mwa 2023 na mwanzoni mwa 2024 wagonjwa waliongezeka ghafla. Mbu wapo bado, na vimelea huingia na wasafiri wanaotoka bara, tukiwemo sisi wageni wa sikukuu. Ndiyo maana mwenye homa huko huulizwa kwanza: umesafiri wapi karibuni?