Kabla ya Sanduku Letu: Habari za Mwanga, Mlimani na Tambarare

Kamati ilipokaa kupanga kijitabu hiki ilisema mwenyekiti aandike historia ya kikundi. Tukaona ya kikundi ni fupi: tulianza 2015 chini ya mwembe, tukiwa na sanduku moja, kufuli tatu na daftari la shule. Yaliyobaki mhazini ameyaandika kwenye hesabu. Bora tueleze nchi yenyewe tuliyomo, maana wasichana wetu wengi hawaijui, na sisi wenyewe tulishagombana kwa sababu ya kutoijua.

Wilaya ya Mwanga ni ndogo. Hesabu ya watu ya mwaka 2012 ilitukuta watu 131,442. Zamani tulikuwa wilaya moja na wenzetu wa Same, ikaitwa Pare, na tuligawanywa mwaka 1979. Katikati ndiyo milima ya Upare ya Kaskazini, yaani Usangi na Ugweno, na kilele cha Kindoroko kinapita mita 2,100. Huko juu kuna ukungu, migomba, kahawa na baridi ya kuvaa sweta. Ukishuka unakuta tambarare, jua kali, mikonge ya Kisangara na Lembeni, reli na barabara kuu. Upande wa mashariki liko Ziwa Jipe, nusu letu nusu la Kenya, ambalo mafunjo yamelila sana. Upande wa magharibi liko bwawa la Nyumba ya Mungu. Mtu anaweza kuondoka Usangi asubuhi anatetemeka, akafika bwawani mchana anatafuta kivuli.

Wazee wa Ugweno husimulia kwamba zamani sana waliotawala ni Washana, watu wa ukoo wa wahunzi. Chuma cha Upare kilisifiwa, Wachagga walikinunua kutengenezea mikuki na majembe. Kisha Wasuya wakawapindua, aliyeongoza akiwa Angovi, na mwanawe Mranga ndiye aliyeipanga nchi, akaweka mabaraza na kuwapeleka vijana mshituni kufundwa. Marehemu Profesa Isaria Kimambo aliyaandika haya kwenye kitabu chake cha mwaka 1969, na alikuwa Mpare. Koo nyingine nyingi zinasema asili yao ni Taita, ng'ambo ya ziwa. Kwa hiyo ukimwuliza Mpare wa kweli ni yupi, utakaa hapo mpaka makande yaive, na makande yetu mnayajua yanavyochelewa kuiva.

Maji ndiyo yaliyowafanya watu wakae pamoja. Walichimba ndiva, mabwawa madogo ya kukusanya maji usiku ili asubuhi yafunguliwe kwenye mifereji. Kila mtu alikuwa na zamu yake, na anayeiba zamu alishtakiwa. Watu wanatucheka kwamba Wapare tunapenda kesi na kwamba ni wabahili. Sisi tunasema ukikulia penye maji ya zamu utajua kuhesabu. Huenda ndiyo maana vicoba vimekubali huku.

Wajerumani wakaja, dini zikaja, na Usangi hadi leo nyumba moja ina Hawa na Eliwaza wanaokula sahani moja. Reli ya kutoka Tanga ilifunguliwa mpaka Moshi mwaka 1912. Mwaka 1916 Waingereza waliifuata reli hiyo hiyo wakiwasukuma Wajerumani. Hayo tunayapita upesi, kwa kuwa tunataka kufika kwenye mbiru.

Wakati wa vita vya pili vya dunia serikali ya Mwingereza ilileta kodi mpya. Ya kwanza ilikuwa sawa kwa kila mwanamume. Hii mpya ilipimwa kwa mali ya mtu, ng'ombe wangapi, kahawa kiasi gani, na wapimaji walikuwa hao hao watu wa watemi. Wakaipa jina la mbiru, jina la ushuru wa kale, wakidhani watu wataipenda. Watu walikataa. Hawakukataa kulipa kodi, walikataa kupimwa mali yao na jirani. Mwanzo wa 1945 wanaume kwa maelfu waliteremka hadi Same kwenye boma, wakapiga kambi, wakakaa miezi na miezi, kila upande na kambi yake. Chakula chao kilitoka nyumbani.

Sasa jiulizeni, nani alikuwa analima? Nani alichuma kahawa, akafungua ndiva, akachunga ng'ombe, akalea? Mwaka 1946 bwana shauri alipofika Usangi, wanawake kwa mamia walimkabili. Wakamwambia amalize shauri hili wanaume warudi nyumbani, la sivyo yeye ndiye awe mume wao wote na awape mimba. Bibi zetu walikuwa wakisimulia hapo huku wanafunika midomo kwa khanga. Jibu halikuwaridhisha, kukawa na vurugu, serikali ikatumia nguvu. Lakini mwishowe mbiru ilifutwa. Viongozi wanaume majina yao yanatajwa. Wale mamia wanaitwa tu wanawake wa Usangi.

Baada ya uhuru mlima ulijaa, mashamba yakagawanywa mpaka yakawa vipande vya leso, na wengi wakateremka. Bwawa la Nyumba ya Mungu lilijengwa miaka ya 1960. Miaka ya mwanzo samaki walikuwa wengi mno, wavuvi wakaja kutoka mikoa ya mbali na wake zao, wakajenga wakabaki hata samaki walipopungua. Hayati Cleopa Msuya, mzaliwa wa Usangi, waziri mkuu mara mbili na mbunge wetu miaka mingi, tulimzika 2025 huko huko mlimani.

Tumefika kwenye ugomvi wetu. Mwaka wa tatu wa kikundi walikuja kina mama sita wa bwawani, wauza samaki, wakaomba kununua hisa. Wengi wetu tulikataa. Tulisema hawa si wa hapa, hawana shamba wala kaburi, wakikimbia na mkopo tutawadai wapi? Mkutano ule ulivunjika bila sala. Mmoja wao alituuliza kwa upole, ninyi mlipotoka Taita mlimkuta nani? Hatukuwa na jibu. Tulikaa tena wiki mbili baadaye tukawapokea, kwa masharti magumu kuliko yetu, na hilo tunaliandika hapa kwa aibu. Wote sita hawajalaza rejesho hata moja. Aliyetutoroka na mkopo alikuwa mzaliwa wa mlimani, tena tulimdhamini wenyewe bila kumwuliza maswali. Masharti yale tuliyafuta 2020, na mmoja wa hao sita leo anashika ufunguo wa pili.

Ombi letu moja. Waliosimama mbele ya bwana shauri mwaka 1946 walikuwa bibi na mama za watu, na familia bado zinawajua. Kurasa mbili za mwisho tumeziacha wazi. Aliye na jina alilete kwa katibu siku yoyote ya kikao, aseme na kijiji. Hadi tunapeleka kazi hii kiwandani yamefika majina manne.