Historia ya Wafamasia wa Welisi

Waganga wa Welisi walipata heshima mapema. Sheria za Kiwelisi zinazohusishwa na Mfalme Hywel Dda, wa karne ya 10, zinamtaja tabibu miongoni mwa maofisa 24 wa baraza la mfalme. Jina lake, meddyg, latokana na Kilatini medicus. Mchanganya dawa alilipata lake kwa njia ndefu zaidi, nalo asili yake ni mshairi.

Publius Vergilius Maro alizaliwa mwaka 70 K.K. karibu na Mantua, Italia, akafariki Brundisium mwaka 19 K.K. Utenzi wake, Aeneis, ulisomwa na wengi waliojifunza Kilatini. Humo shujaa anashuka kuzimu akiwa hai. Katika shairi jingine Vergilius alibashiri kuzaliwa kwa mtoto wa kuleta enzi njema, na Wakristo wakaona huo ni utabiri wa Yesu. Aliyejua ya kuzimu na ya kesho, watu walisadiki, hakuwa mtunzi tu. Kufikia karne ya 12 ilisimuliwa kwamba alitengeneza nzi wa ajabu aliyewafukuza nzi wote mjini Naples.

Sifa hizo zilienea hadi Welisi, ambako Vergilius alitamkwa Fferyll. Taratibu jina la mtu likawa jina la kazi: fferyll akawa mchawi, mfua madini, mwanaalkemia. Katika kisa cha Taliesin, kama alivyokichapisha Charlotte Guest karne ya 19, Ceridwen anafuata vitabu vya Fferyllt anapochemsha mitishamba mwaka mmoja na siku moja, ili mwanawe apate hekima.

Kutoka chungu cha alkemia hadi chupa ya dawa hapakuwa mbali, kwani kote kulihitaji mtu ajuaye kupima, kuchanganya na kutia motoni. Kwa kiambishi -ydd, cha mtenda kazi, akapatikana fferyllydd, yaani mfamasia. Duka lake likaitwa fferyllfa.

Siku hizi fferyllydd husajiliwa na baraza la wafamasia la Uingereza, na hutoa dawa mbele ya mgonjwa, kipimo kikiwa kimeandikwa. Elimu iliyoogopwa kwa sababu ilifichwa imekuwa huduma inayoaminiwa kwa sababu iko wazi. Hiyo ndiyo fahari ya kazi hii, na Wawelisi wamefanya vema kulihifadhi jina linaloikumbuka safari yote.