Chizi ni Nani, Bwana?

Mitaa ya Goba haina uhaba wa majina. Kijana anayekwepa watu anaitwa mshamba. Dada anayempenda mtu asubuhi na kumchukia jioni, eti ana mapepe. Akizidi, chizi. Majina hayo tuliyapata wapi?

Wajerumani walifungua kituo cha wagonjwa wa akili Lutindi, milima ya Usambara, mwanzoni mwa karne ya 20. Waingereza wakafuata na Mirembe, Dodoma, mwaka 1927. Humo walipelekwa waliowashinda ndugu na serikali. Aliyejifungia chumbani kwa hofu ya kutazamwa hakumsumbua mtu, kwa hiyo hakuandikwa popote.

Ng'ambo nako walichelewa. Mwaka 1938 Adolph Stern, daktari wa New York, aliandika juu ya wagonjwa waliokaa "mpakani", wasioingia katika fungu lolote alilolijua. Mwaka 1966 Isaac Marks na Michael Gelder wa London waliitenga hofu ya kutazamwa na watu na hofu nyingine. Hali zote mbili ziliingia katika kitabu cha madaktari wa akili wa Marekani mwaka 1980. Bibi zetu wengi ni wakubwa kuliko majina hayo!

Na hapa Dar? Utafiti uliochapishwa mwaka 2003 uliwapima watu kwa matatizo ya kawaida ya akili, kama wasiwasi na huzuni nzito. Kwenye zahanati walionekana nayo asilimia 24. Kwa waganga wa jadi, asilimia 48. Karibu nusu ya foleni ya mganga, si mchezo.

Sasa tusikurupuke kumpa kila mtu ugonjwa. Kwetu haya ni adabu, na mkimya si mgonjwa. Lakini haya ikimfanya mtu aache mtihani, aache kazi, ashinde njaa kuliko kuingia mgahawani, hapo adabu imekwisha na mateso yameanza. Na yule wa "mapepe" huenda anaogopa kuachwa kiasi cha kujikata wembe. Mwaka 1991 Marsha Linehan wa Seattle alionyesha kwamba tiba ya mazungumzo na mazoezi hupunguza kujiumiza huko.

Sisi tunaojifunza kuandika tumezoea kumweka chizi kwenye hadithi ili watu wacheke. Safari hii tumwandike mtu, tena mtu anayeweza kupona.