Mapigo ya moyo: kipimo cha mazoezi katika joto la Juba

Mkazi wa Hai Malakal, jijini Juba, anayetembea kwa kasi saa 12 asubuhi na yule anayetembea kwa kasi hiyohiyo saa 9 alasiri hawafanyi zoezi lenye uzito sawa. Joto linapozidi, moyo hulazimika kupeleka damu kwenye misuli na pia kwenye ngozi ili mwili upoe, hivyo mapigo huongezeka. Ndiyo maana wataalamu hushauri kupima zoezi kwa mapigo ya moyo, badala ya kutegemea umbali au kasi pekee.

Jambo hilo lina uzito wa pekee mjini humo. Machi 2024, serikali ya Sudan Kusini ilifunga shule baada ya kutabiriwa joto la hadi nyuzi 45 za Selsiasi. Februari 2025 shule zilifungwa tena kwa wiki mbili.

Ngazi za mapigo

Kanuni inayotumika sana ni kutoa umri wa mtu kutoka 220. Mwenye miaka 40 hukadiriwa kuwa na kiwango cha juu cha mapigo 180 kwa dakika. Hayo ni makadirio tu. Watu wa rika moja huweza kutofautiana kwa mapigo 10 au zaidi. Kwa mtu huyo, ngazi ni hizi:

- Zoezi la wastani: asilimia 50 hadi 70, yaani mapigo 90 hadi 126. Mtu huweza kuzungumza, lakini hawezi kuimba.
- Zoezi zito: asilimia 70 hadi 85, yaani mapigo 126 hadi 153. Mtu hutamka maneno machache tu kabla ya kuvuta pumzi.

Kupima bila kifaa

Vidole viwili, cha shahada na cha kati, huwekwa kwenye kifundo cha mkono, chini ya gumba. Mapigo huhesabiwa kwa sekunde 15, kisha huzidishwa kwa 4. Anayepata 28 ana mapigo 112 kwa dakika. Gumba halitumiki kupimia, kwa kuwa lina mpigo wake wenyewe.

Kupunguza uzito

Katika zoezi jepesi, sehemu kubwa zaidi ya nishati hutokana na mafuta ya mwili. Hata hivyo, zoezi zito hutumia nishati nyingi zaidi kwa muda uleule. Kinachopunguza uzito ni jumla ya nishati inayotumika ikilinganishwa na chakula kinacholiwa. Shirika la Afya Duniani linapendekeza watu wazima wafanye mazoezi ya wastani kwa dakika 150 hadi 300 kwa wiki, au mazito kwa dakika 75 hadi 150.

Tahadhari

Homa, ikiwemo ya malaria, hupandisha mapigo hata mtu akiwa amepumzika. Mgonjwa asifanye mazoezi hadi apone. Baadhi ya dawa za shinikizo la damu, hasa za kundi la beta-bloka, huyapunguza, hivyo hesabu ya 220 haiwafai wanaozitumia. Wao wamwulize daktari.

Mapigo yakipita ngazi iliyokusudiwa, mtu apunguze mwendo, atafute kivuli na anywe maji. Kizunguzungu, kichefuchefu au maumivu ya kifua ni ishara ya kusimama mara moja na kutafuta msaada wa matibabu.