Chuma Hakisahau

Mjomba wangu ni fundi wa kuchomelea mageti hapa Kiplombe. Akinyoosha nondo iliyopinda husema, "Chuma hakisahau moto." Nilidhani ni stori za jua kali tu, mpaka nilipowekwa waya za meno. Daktari aliupinda waya ukiwa baridi, akaufunga, akaniambia joto la mdomo litafanya kazi iliyobaki.

Waya huo ni wa aloi inayoitwa Nitinol. Ni ni nikeli, Ti ni titani, na NOL ni Naval Ordnance Laboratory, maabara ya silaha ya jeshi la majini la Marekani. Hapo nikashtuka. Ordnance ndilo neno lililo kwenye jina la Kenya Ordnance Factories, kile kiwanda cha risasi cha hapa kwetu Eldoret.

Mwaka 1959 William Buehler alikuwa akitafuta aloi ya kutengeneza pua ya kombora. Aliangusha fimbo ya aloi hii ikiwa baridi, ikatoa mlio mzito. Ile yenye joto ikalia kama kengele. Mwaka 1961 kipande kilichokunjwakunjwa kilizungushwa mezani kwenye mkutano. David Muzzey akakiwashia kiberiti cha kiko chake, na kipande kikajinyoosha chenyewe mbele ya wote! Baadaye Frederick Wang akasaidia kueleza sababu: joto linabadilisha mpangilio wa fuwele ndani ya metali.

Lakini si kila Nitinol inakumbuka. Ukiipaka kama utando mwembamba kuliko unywele, mara nyingi atomi hutapakaa kama abiria stejini asubuhi ya Jumatatu. Bila fuwele, hakuna kumbukumbu. Tanuri litazipanga, sawa, ila litachoma kila kitu kilicho karibu. Ndiyo maana watafiti, wakiwemo wa Chuo Kikuu cha Columbia, New York, walijaribu leza. Inayeyusha sehemu ndogo tu, na inapopoa, fuwele hukua zikifuata njia ya joto. Ukiongoza mwale, unaongoza zinakoelekea. Na mwelekeo ni muhimu, manake upande mmoja wa fuwele huvutika na kurudi zaidi kuliko mwingine.

Leo aloi iliyotafutwa kwa ajili ya kombora inanyoosha meno yangu, na kwa wengine inatanua mishipa ya damu.

Nilimsimulia mjomba haya yote. Akacheka, akagonga nondo mbili, moja ya moto na moja baridi, akasikiliza. Ni kama alichofanya Buehler. Tofauti ni kwamba kipande cha Buehler kilipita mkono kwa mkono mezani, kati ya watu waliokuwa na muda wa kuuliza kwa nini. Mjomba amesikiliza vyuma miaka mingi, na hakuna aliyewahi kumwita kwenye meza kama hiyo.

Sisi wenye digrii za sayansi tunampita kila asubuhi tukienda kutafuta kazi tao. Juzi nilisimama.