Magari Yaliyolala Juu ya Mawe

Ndugu msomaji, ukipita vijiji vya Tarime na Serengeti, chungulia nyuma ya maghala ya mahindi. Huenda ukaona Land Rover iliyopandishwa juu ya mawe, haina magurudumu, kuku ametaga kwenye kiti cha dereva. Vijana wa kijiweni watakwambia, "Hiyo skrepa tu, kaka." Hata mimi niliamini hivyo, mpaka nilipotumwa kuwabembeleza wenyewe wayauze.

Nilipomaliza kidato cha nne sikuwa na kazi ila daftari la riwaya isiyokwisha. Dalali mmoja akanipa deiwaka: nimtafutie Land Rover za zamani, hata zilizofunguliwa zikaachwa nusu. Wanunuzi walikuwa Arusha na Nairobi. Huko Nairobi mashindano ya magari yaliyotunzwa, Concours d'Elegance, yalianza tangu 1970. Nikadhani nikionyesha mshiko tu, kazi imekwisha. Kumbe!

Mzee wa kwanza, upande wa Nyamwaga, aliitikia shikamoo yangu, akanipa kigoda, akasikiliza bei. Kisha akasema, "Mwanangu, wewe unaona bati. Mimi naona ng'ombe kumi na wanne." Nikaongeza bei. Akainuka, akaenda kufunga ndama.

Mara ya pili sikutaja pesa. Nilimwuliza swali moja: liliharibika lini?

Hapo ndipo alipofunguka. Alilinunua 1975 kwa ng'ombe aliowauza mnadani. Likawa gari la kijiji kizima: wagonjwa, maharusi, maiti, magunia. Mapema 1977 giaboksi ikafa. Spea alikuwa akizifuata ng'ambo ya Sirari, lakini Februari mwaka huo, Jumuiya ya Afrika Mashariki ikiwa inavunjika, Tanzania ilifunga mpaka wake na Kenya. Haukufunguliwa hadi Novemba 1983. Katikati vikaja Vita vya Kagera, 1978 hadi 1979. Serikali ikachukua hata magari ya raia kubebea askari na mizigo, na vita vilipokwisha fedha za kigeni za kuagizia spea zilikuwa adimu. Fundi wake akafungua injini yote, akapanga vyuma kwenye madebe, wakangoja. Mwaka 1984 serikali iliruhusu mwenye fedha zake za kigeni aagize bidhaa. Mzee angezitoa wapi?

Basi magari haya hayakuachwa na wavivu. Yalikwamishwa na mambo makubwa kuliko wenyewe. Ndiyo maana mzee hasemi gari lake limekufa, husema halijaisha. Kumwambia auze ni kumwambia akubali kushindwa.

Wengine wamefungwa na karatasi. Mugumu nilikuta gari ambalo kadi yake ina jina la marehemu. Bila msimamizi wa mirathi kutoka mahakamani hakuna wa kuuza, na watoto wenyewe hawaelewani. Nikaaga.

Lakini wanunuzi wa vyuma chakavu nao hawalali. Bodi ya Land Rover ni ya alumini, kwa sababu lilipoanza kutengenezwa 1948 Uingereza ilikuwa na uhaba wa chuma. Alumini huyeyushwa, ikawa sufuria. Safari ya tatu nikamwambia mzee, "Baba, siku ukiondoka, wanao watalipima kwa kilo." Nilisema hivyo, na mpaka leo ulimi unaniuma.

Alinyamaza sana. Kisha akakubali, kwa sharti moja: likitengemaa, lipite mara moja mbele ya boma lake, likinguruma. Dalali alicheka. Mimi nililiandika sharti hilo kwenye mkataba kwa mkono wangu, mnunuzi akatia sahihi, mtendaji wa kijiji akagonga muhuri. Lori likalibeba gari pamoja na madebe yote.

Huu ni mwaka wa pili. Nikipiga simu naambiwa bado rangi.

Wenzangu mnaotaka kuandika, historia mnayoitafuta imo hata ndani ya madebe ya spea. Waulizeni wazee kabla ya kutaja bei. Mimi niliuliza, nikapewa, halafu nikalifanya jibu lake chambo. Siku hizi nikienda Nyamwaga nazunguka njia ya nyuma, bwana. Mzee hukaa mlangoni, na kila injini ikinguruma barabarani, hugeuza shingo.